Alama kwenye Sikio la Kasyoka

Mwanangu Mutheu,

Bwana asifiwe. Nakusalimu, na nyumba yote inakusalimu ingawa leo bado uko hapa, kwa sababu utaisoma barua hii ukiwa umeshafika kule chuoni, na mtu aliye mbali husalimiwa. Baba yako anakusalimu. Tangu asubuhi anazunguka begi lako akifungua zipu na kuifunga, anasema zipu za siku hizi haziaminiki. Susu wako, mama ya baba yako, anakusalimu, anasema mgongo umetulia lakini sasa goti limechukua zamu. Ndinda mdogo wako anakusalimu na kukukumbusha ile sketi ya buluu, kwamba ulisema ni yake ukiondoka. Ng'ombe anakusalimu pamoja na ndama wake, yule uliyemvuta kwa mikono ukiwa umevua viatu. Kuku wa madoa bado analalia mayai, na siku utakayosoma hapa atakuwa ametotoa. Polisi anakusalimu. Huyo mbwa amelala juu ya gambuti zako mpya za mpira tangu jana, nimemfukuza mpaka nimechoka, maana ndani ya gambuti ya kushoto ndiko nitakakoiweka barua. Paka hajasema kitu, unamjua.

Nimechagua gambuti kwa sababu begi utalifungua siku ya kwanza mbele ya wasichana wenzako, lakini gambuti utavaa siku mtakayopelekwa zizini. Nataka uisome ukiwa karibu na wanyama.

Sasa ni saa kumi jioni. Umeenda na Susu kwa pasta kuombewa safari, na mimi nimesema nina kazi ya kushona ya haraka. Si uongo sana. Niko na tedi wa kitambaa mapajani ambaye hana macho bado, na Ndinda akipita namfunika karatasi.

Mambo ya kula, kufua na kuchagua marafiki sitaandika. Baba yako ameshakuambia, Susu amekuambia, na mimi najijua, kesho asubuhi nitakuwa nimekuambia yote tena pale stendi. Barua hii ni ya jambo moja tu. Nitalizunguka kidogo kabla sijalifikia, univumilie. Niliishia darasa la tano na maneno yangu yanatembea kama mbuzi, hili linaingia shamba la mtu, lile linasimama.

Unajua kwamba niliacha shule kuchunga. Kitu ambacho sijakuambia ni kwamba sikulia. Kwetu kule kijiji cha Tulia mvua ilikataa mwaka ule, kaka yangu akawa ndiye wa shule, mimi nikapewa mbuzi, na majirani wakanihurumia. Mimi nilikuwa nafurahi na nikaona haya kufurahi. Niliwajua mbuzi mmoja mmoja kwa kikohozi chao. Aliyezaa vibaya nililala naye jikoni, nikaamka na manyoya mdomoni. Mama yangu alikuwa akisema siku nitakayoolewa nitawalilia mbuzi kuliko nitakavyomlilia yeye. Na kweli, mbuzi wa mahari waliingia boma letu wakati mimi natoka, na nilikaa wiki nzima hapa Mbumbuni nikisikitika kwamba sitapata kuwajua.

Baba yangu ndiye aliyekuwa akikata masikio. Unajua kila ukoo una mkato wake. Kwetu ilikuwa ncha za masikio yote mawili. Alikuwa akisema mnyama asiye na alama ni wa fisi. Mimi ndiye niliyeshika vichwa, na nikimaliza niliwapulizia kidonda. Kwa hiyo siku baba yako alipomkata punda wetu mkato wa kwao, ile pembe tatu moja ya sikio la kushoto, na wewe wa miaka mitano ukashika kichwa, halafu bila kuambiwa na mtu ukainama ukaanza kupuliza, mimi nilirudi jikoni nikakaa kidogo. Nilijua nimezaa mtu wa aina yangu.

Wewe ndiye uliyempa jina. Ulimwita Kasyoka kwa sababu ya kurudi kwake. Tulikuwa tukimpakia mitungi kule mtoni kwenye kisima cha mchangani, tunampiga mkono kidogo mgongoni, naye anapanda njia peke yake mpaka mlangoni, anangoja ashushwe. Wanawake wengine walikaa mtoni wakichunga punda wao. Sisi tulikaa tukipiga domo.

Sasa nimelifikia.

Ulikuwa darasa la tatu. Misimu miwili ilikuwa imepita hatujavuna hata ndengu. Baba yako alikuwa kwa kazi ya mjengo upande wa barabara ya Mombasa, na simu yake ilikuwa imezima kwa muda ambao hata sasa sipendi kuukumbuka. Ndinda alikuwa ananyonya na maziwa yangu yalikuwa yamepungua. Siku ya soko, wewe ukiwa shuleni, nilimfunga Kasyoka kamba, nikampeleka sokoni, nikamuuza kwa watu waliokuwa na lori. Hawakuwa watu wa kubeba maji. Lile lilikuwa lori la ngozi, la kupeleka punda kuchinjwa. Kila mtu sokoni alijua, na mimi nilijua.

Nataka niandike hapa vizuri. Ningeweza kusema njaa ndiyo iliyomuuza, na wewe ungekubali, kwa sababu njaa uliiona. Lakini Susu alikuwa na mbuzi watatu ng'ambo ya kijito, mwendo wa wimbo mmoja tu wa kanisa. Angenipa mmoja. Sikumwendea kwa sababu tulikuwa hatusemezani. Kwenye matanga ya jirani alikuwa amesema mbele ya wanawake kwamba muthokoi wa mke wa mwanawe, yale mahindi ya kukoboa, unatafunwa kama changarawe. Wakacheka. Nami nikaapa kwamba sitaingia kwake kuomba kitu, hata chumvi. Basi muthokoi ndio uliomuuza Kasyoka. Nimelitazama jambo hili kwa miaka kumi na kila mara linatoka vilevile. Nilipopima aibu ya kuomba na uhai wa punda, punda alikuwa mwepesi.

Wale watu walinirudishia kamba. Ni desturi, unajua, mnyama akiuzwa kamba hubaki kwa mwenyewe ili zizi lisifunge mlango. Nilirudi nyumbani na kamba mkononi, na njiani ndipo nikaanza kufikiria nitakuambia nini. Nikaikata kwa kisu, nikafunga kipande kimoja kwenye mti wa zizini, nikakuambia ulipofika kwamba Kasyoka amekata kamba na kupotea.

Ulikiangalia kile kipande muda mrefu. Ulikuwa na miaka tisa lakini ulikuwa mtoto wa kamba na wanyama, na kamba iliyovutwa na punda hutoka nyuzi kama nywele. Ile ilikuwa imekatika laini.

Ukaniambia, "Mama, hii imekatwa na kisu. Kuna mtu amemwiba."

Nami nikasema, "Labda."

Neno moja. Nimesema maneno mengi mabaya maishani, mengi kwa baba yako, lakini hakuna lililofanya kazi kama hilo. Maana aliyepotea hutafutwa siku chache, lakini aliyeibwa ana mwizi, na wewe ukaanza kumtafuta mwizi. Kila Jumamosi ulikuwa ukizunguka kwenye punda wa watu ukitazama sikio la kushoto. Na mwenye punda wengi hapa kwetu alikuwa Mzee Nzioki, yule wa kuuza maji. Ulikuwa ukienda kwake, unasimama kwenye lango bila kusalimia, na yule mzee alikuwa akiwatoa wanyama wake mmoja mmoja na kukuinulia masikio mwenyewe uone. Watu wakaanza kumtania kwamba mtoto wa darasa la tatu amemfungulia kesi. Mimi nilisikia. Nilikuwa nikipita mbele ya lango lake nikitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

Halafu ukamwomba pasta amwombee Kasyoka kanisani. Watu walicheka kidogo, pasta akawanyamazisha, akaomba kweli. Aliomba mnyama huyo arudishwe na moyo wa aliyemchukua uguswe. Nami nilisema amina. Niliisema kwa sauti kubwa kuliko mama aliyekuwa karibu nami, akageuka kunitazama.

Ndipo nikashona yule punda wa blanketi. Nilitaka uache kuzunguka. Nilichukua lile blanketi la kijivu tulilokuwa tukimwekea mgongoni chini ya mitungi, lililokuwa bado na harufu yake, nikashona kwa siku tatu usiku, nikajaza vipande vya sponji nilivyoomba kwa mshona magodoro. Sikuwa nimewahi kushona mnyama. Miguu ilitoka minene kama ya ndovu. Nilipokupa ulimgeuza, ukaenda ukaleta wembe, ukamkata pembe tatu sikio la kushoto. Nikajua imefaulu. Kisha ukamweka dirishani, uso wake nje, ukaniambia, "Huyu si Kasyoka. Huyu atamngoja Kasyoka pamoja na sisi." Jumamosi iliyofuata ukatoka tena.

Kazi yangu ilianzia hapo, nawe unajua sehemu hiyo kwa jinsi ninavyopenda kuisimulia, isipokuwa nimekuwa nikiikata mwanzo. Yule mama mwenye duka kule mjini Wote alimwona punda wetu dirishani siku alipokuja kununua vyondo, akaniuliza kama ninaweza kumshonea dubu. Akanionyesha picha kwa simu. Nikamuuliza dubu anakula nini. Akasema hiyo inahusu nini. Nikamwambia siwezi kushona mdomo wa mnyama bila kujua anatafuna nini. Wewe ulicheka ukiwa mlangoni, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu punda aondoke, kwa hiyo nikakubali kazi hata kabla sijajua malipo.

Unakumbuka wale wa kwanza. Nilimtazama Polisi kwa uso na mtoto wa mbuzi kwa miguu. Yule mama akawapanga mezani akasema, "Mama Mutheu, hawa ni mbwa wamevaa masikio ya panya." Niliwafumua. Nikajifunza pua pana, shingo isionekane, mikono ikae kama inangoja kubebwa. Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo hukulijua kwa sababu gunia la dubu lilirudishwa ukiwa shuleni. Dubu wote wa awamu ya pili niliwakata sikio la kushoto. Pembe tatu, upande wa nyuma, nikapinda ukingo vizuri na kushona kwa uzi wa rangi ileile. Sikuamua. Mikono ilifika kwenye sikio ikakata, kama vile mtu hawezi kutoa mnyama nyumbani bila alama. Yule mama akauliza kama nyumbani kwangu kuna panya. Nikamwambia hiyo ni alama yetu, ili wasipotee. Akanitazama, akauliza kwa upole watapotelea kwenye kundi la nani.

Nikashona masikio mazima tangu siku hiyo. Lakini ukimshika tedi wangu yeyote, hata huyu asiye na macho aliye hapa, ukikunja sikio la kushoto utapata ndani mishono mitatu midogo imekaa pembe tatu. Haionekani na haina kazi. Wako kwa vitanda vya watoto ambao sitawajua, katika nchi ambazo labda dubu wapo kweli, na wote wana alama ya Kasyoka. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba hivyo ndivyo ninavyomlipa. Sasa naona mnyama hawezi kulipwa kwa sponji. Mtu ambaye ningemlipa alikuwa analala chumba cha pili.

Utauliza kwa nini sasa. Jumapili iliyopita ulisimama kutoa ushuhuda. Ukasema unaenda kusomea afya ya wanyama kwa sababu ya punda aliyeibwa ulipokuwa mdogo, kwamba mpaka leo hupiti punda bila kutazama sikio lake la kushoto, na kwamba Mungu anajua alipo. Watu wakapiga makofi. Nikapiga pia. Nikahesabu kwa kichwa kwamba umetazama masikio kwa miaka kumi, mwanangu, na sasa unaenda mahali penye punda wapya.

Na huko chuoni kuna siku mwalimu atawaeleza juu ya miaka ile ya malori ya ngozi za punda. Wewe si mjinga. Utahesabu miaka, utakumbuka kamba, utakuwa umekaa darasani katikati ya watu. Afadhali uambiwe na mwandiko wangu mbaya.

Jumapili hiyo jioni nilivuka kijito nikaenda kwa Susu. Nilimkuta anachambua ndengu. Nikakaa, nikachambua naye, kisha nikamwambia yote. Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe. Halafu akasema, "Nilikuona ukipita na kamba mkononi bila punda. Niliweka mbuzi pale mlangoni, nikangoja uje uombe."

Nikamuuliza alingoja mpaka lini. Akasema mpaka giza.

Kumbe naye hakuweza kuvuka kijito kuja kwangu. Tulikaa pale wanawake wawili, na mimi nilifikiri nitamkasirikia, sikupata hasira. Aliniambia kitu kingine kimoja. Kwamba wewe una jina lake, na siku utakayomuuliza juu ya Kasyoka hatakudanganya, amechoka. Kisha akaniuliza kama nimekula. Akanipa muthokoi wake. Una changarawe, Mutheu. Nimekula wote.

Juzi nikaenda kwa Mzee Nzioki, nikamwambia pia. Nikasikia punda wake wakitafuna. Kisha akauliza kama hiyo ndiyo sababu nimekuwa nikimletea tedi kila mjukuu wake anapozaliwa. Nikasema ndiyo. Akasema basi nisiache, kuna mwingine njiani mwezi wa kumi na mbili. Sijui kama huo ni msamaha au ni oda. Wewe bado humsalimii vizuri. Hilo ni langu, nitalibeba, lakini ukija likizo tupite kwake.

Baba yako bado hajui. Nitamwambia kesho tukitoka kukusindikiza, njiani, ambapo hatakuwa na zipu ya kushika.

Kama ningekuwa mtu wa kutoa mafundisho ningesema aibu ya kuomba ni ya siku moja. Lakini sina hakika, sikuwahi kuomba, nasikia tu. Ninachokijua ni ule upande mwingine. Najua mtu anaweza kumpenda mnyama kwa moyo wote na akamuuza, na kupenda kwake kusipungue hata kidogo, na kusimsaidie mnyama huyo hata kidogo. Huko unakoenda utawapata watu wa namna hiyo. Watakuletea ng'ombe aliyechelewa, watakudanganya alianza kuumwa lini. Ukimwona mmoja anatazama chini, mtibu mnyama kwanza. Huenda huyo mtu ana kitu mkononi anakificha.

Nasikia sauti yenu kule kwenye njia, wewe na Susu mnacheka. Polisi ameamka kuwalaki, gambuti iko wazi. Nifupishe.

Kuna jambo moja ambalo sikuliweza peke yangu. Yule punda wa blanketi sijamweka kwenye begi. Asubuhi nilimtoa dirishani, nikampangusa vumbi, nikamweka kwenye nguo zako, nikamtoa. Ulimpa kazi ya kungoja, na mimi ninajua hakuna wa kungojewa, lakini si mimi niliyempa kazi hiyo. Nimemrudisha pale pale, uso nje. Ukisema nimtume, nitampa dereva wa asubuhi amfikishe. Ukisema nimfumue, nitamfumua, blanketi bado lina nguvu. Ukisema abaki hapo, atabaki, na kila mara nikikaa kwenye cherehani nitakuwa nikimwona, hilo ni sawa.

Usinipigie. Ukipiga nitasema mtandao ni mbaya, najijua. Andika ujumbe kwa simu yangu, ambayo Ndinda huishika, nami nimemwambia asiusome, aniletee nisome mwenyewe hata kama nitachukua muda. Si lazima uwe mrefu. Si lazima uwe wa upole. Lakini usichelewe, mwanangu, nitumie neno upesi uniambie nimfanye nini yule wa dirishani. Amengoja miaka kumi kwa ajili ya uongo wangu.

Ni mimi mama yako,
Mama Mutheu